Kiapo cha Aliyebaki Mezani

Tulimwita Mwamuzi, na sidhani kama nusu yetu tuliwahi kulijua jina lake la kuzaliwa. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kupiga pasi. Alisimama nyuma ya kaunta ya dobi, mvuke ukimpanda usoni, akinyoosha mashati ya watu ambao hakuwahi kuwaona wakiyavaa. Jumamosi alasiri alizima pasi, akanawa uso, akavuka barabara hadi chumba cha nyuma cha duka langu la madaftari na kalamu, ambako watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao walikutana kuamrisha majoka ya karatasi.

Aliyemleta ni mumewe, fundi wa kukata vioo vya madirisha. Sisi tukimwita Vioo, na ndiye aliyekuwa mchezaji wetu mkongwe. Mwanzoni mke alikuja kumsubiri tu, amekaa pembeni na kifungo cha kushona. Kumbe masikio yake yalikuwa kazini. Siku moja wachezaji wawili walibishana hadi mishipa ikawasimama shingoni. Yeye, bila kuinua macho, akasema, "Someni kadi yenyewe. Imeandikwa 'ukipenda'. Haijaandikwa 'lazima'." Ubishi ukafa papo hapo. Tangu siku hiyo hatukutafuta mwamuzi mwingine.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu ana fungu lake la kadi, alizozikusanya moja moja kwa miaka. Kila kadi ina picha ya kiumbe au ya uchawi, na chini yake maneno machache ya kinachoruhusiwa. Ugomvi huzaliwa kadi mbili zinapokutana na maneno yake hayapatani. Hapo mtu huinua mkono na kuita, "Mwamuzi."

Naye alikuwa na miiko yake. Alijibu ulichouliza, hakukuongezea hata punje. Ukimwuliza kadi hii inafanya nini, atakwambia. Ukimwuliza basi mimi nifanye nini, atakutazama kama shati lililokuja bila kola. Asipoitwa, hakuingilia meza ya mtu. Na hakupendelea.

Huo wa kutopendelea alifundishwa na mumewe. Siku za mwanzo aliwahi kumpa Vioo ushindi katika jambo lenye utata. Vioo alikwenda nyumbani, akaligeuza na kuligeuza kichwani, na Jumamosi iliyofuata akasimama mbele yetu sote na kuurudisha ushindi ule kwa mpinzani wake. Walipokuwa wanatoka nilimsikia akimwambia mkewe pale mlangoni, "Mke wangu, siku utakayonipendelea, ujue nimeshakufa."

"Basi utaishi sana," mke akamjibu, na wakaenda zao wakicheka.

Ugonjwa wa mumewe ulianzia kwenye vioo. Alikata kioo kikubwa kuliko fremu, akailaumu fremu. Akakata tena vioo vya nyumba aliyoimaliza zamani, akavipeleka, akashangaa kukuta madirisha tayari yana vioo. Halafu akaanza kupotea njia, halafu akapoteza majina ya wanawe. Binti yao mkubwa akarudi kuishi nao ili amsaidie mama yake. Asubuhi moja Vioo alipokea kikombe cha chai mkononi mwa mkewe, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Asante sana, dada."

Daktari alishauri asibishiwe. Mwamuzi hakumbishia. Lakini pia hakumwambia yeye ni nani. Binti ndiye aliyenisimulia haya, amekuja kununua wino, amesahau wino wenyewe.

"Nikamwambia, mama, si umwambie tu kwamba wewe ni mke wake? Akanijibu, hajauliza."

"Hajauliza?"

"Ndivyo alivyosema. Nikamwambia, mama, hizi si kadi. Akasema anajua si kadi. Akaendelea kukunja mashuka."

Nililifikiria jambo hilo muda mrefu. Mtu mwingine angelia, angetoa picha za harusi, angemshika mabega. Yeye alisubiri swali. Labda alikosea. Labda aliogopa kwamba akisema bila kuulizwa, jibu litakuwa la kupewa, na yeye alitaka la kutafutwa.

Ajabu ni kwamba Jumamosi Vioo alikuwa na nafuu. Akikalia kiti chake chini ya feni, vidole vyake vilichanganya kadi vyenyewe, na alijua yule mwanamke wa pembeni ni nani. Alimwita Mwamuzi, kama sisi. Hilo lilikuwa jina lake pekee lililobaki mdomoni mwa mumewe. Saa zile za alasiri ndizo zilizokuwa mali ya mwisho ya mwanamke yule.

Nasi, kwa upendo wetu wa kijinga, tukaanza kuziharibu. Vioo akichota kadi mbili badala ya moja, tulitazama dari. Akicheza zamu ya mwenzake, mwenzake alikohoa. Fundi Simu, mwenzetu mtengeneza simu ambaye huko nyuma angekung'ang'ania kwa nukta, alishindwa na Vioo wiki baada ya wiki huku akipiga makofi. Hakuna aliyeinua mkono, kwa hiyo Mwamuzi hakuitwa. Aliona yote. Uso wake ulizidi kuwa mdogo.

Jumamosi moja wawili hao walikuwa wanacheza tena. Vioo alikuwa na kadi mbili mezani, Mlinzi wa Lango na Malkia wa Ukungu. Alikuwa amezilisha kiapo, yaani uchawi unaofunga viumbe wawili pamoja. Kila mmoja huwekewa ushanga mwekundu, na kadi yenye ushanga haiuliwi. Fundi Simu akaleta dhoruba, akampeperusha Mlinzi nje ya meza. Vioo akatoa kadi ya wito, akamrudisha, na akamrudishia ushanga wake kichwani.

Zamu ilikuwa ya Fundi Simu, na alikuwa na joka lililoweza kummaliza Mlinzi na kumaliza mchezo. Akavuta mkono. "Aisee, mzee, umeniweza. Mlinzi ana kiapo. Sina la kufanya, nimeshindwa."

Vioo hakufurahi. Alikuwa anautazama ule ushanga kama alivyokuwa akitazama ufa kwenye kioo kipya.

"Ngoja kwanza. Anacho kweli?"

"Anacho, mzee. Si huo hapo ushanga wake?"

"Sikukuuliza wewe." Akainua mkono. "Mwamuzi."

Mwamuzi akaja, akasimama ng'ambo ya meza. Binti yao alikuwa ameshafika kumchukua baba, amesimama mlangoni na koti lake. Alielewa alichokiona, maana alikulia chini ya meza ile. "Mama," akasema taratibu, "mwache ashinde."

"Mlinzi alitoka mezani," Vioo akaanza, na sauti yake ilikuwa ya zamani, nzima. "Kisha akarudi. Kile kiapo alichokula na Malkia, bado kipo?"

Kila mtu mle chumbani alijua jibu. Mwamuzi mwenyewe alikuwa amelitoa mara nyingi mpaka watu wakawa wanalitania. Nilimwona akiziangalia kadi mbili zile, kisha mikono ya mumewe. Nilikumbuka maneno ya Vioo pale mlangoni, siku ile ya zamani, na najua naye aliyakumbuka. Kusema kipo kulikuwa rahisi mno. Vioo angeshinda, angekwenda nyumbani anaimba. Na mkewe angekuwa amemzika akiwa kwenye kiti.

"Hakipo," akasema. "Kadi ikitoka mezani, hata ikirudi hapo hapo, inarudi mpya. Haikumbuki ilikuwa na nani wala iliapa nini. Ushanga utoke."

Vioo akautoa ushanga. Akaushika kidogo kati ya vidole, kisha akauweka kando. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na huyu Malkia? Yeye hakutoka."

Swali hilo hatukuwahi kumsikia mtu akiliuliza. Feni ilizunguka.

"Hakutoka," Mwamuzi akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kiapo chake kinabaki."

"Hata kama mwenzake hakijui tena?"

"Kadi yake haisemi lolote kuhusu kumbukumbu za mwenzake." Akaugusa ushanga wa Malkia. "Kinabaki hadi yeye mwenyewe atoke mezani."

"Sawa," Vioo akasema, ameridhika. Akamgeukia Fundi Simu. "Haya, piga."

Fundi Simu alilisogeza joka lake kama mtu anayeiba msibani. Mlinzi akaanguka, mchezo ukaisha. Vioo akaegemea kiti akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aanze kupotea.

"Sasa huu ndio mchezo. Mlikuwa mnanichezea kama mgonjwa." Kisha akamnong'oneza Fundi Simu, kwa mnong'ono wa watu wanaoanza uziwi, "Mwamuzi wenu mkali. Ameolewa huyu?"

Fundi Simu akaanza kukagua kucha zake.

"Nimeolewa," Mwamuzi akajibu.

"Na mumeo anakuacha huku Jumamosi nzima? Yuko wapi?"

"Anacheza kadi."

"Basi ni mpuuzi mwenzetu," Vioo akasema, akacheka peke yake.

Mwamuzi alibaki amesimama. Lilikuwa limebaki swali moja tu, dogo, lililokuwa karibu kabisa na hayo mawili kuhusu mumewe. Alilisubiri. Vioo akainama, akaanza kukusanya kadi zake, akizigonga mezani ziwe sawa.

Binti akaja kumvalisha koti. "Twende, baba."

"Huyu dada naye anakuja?"

"Anakuja."

Walipofika mlangoni Vioo akasimama pembeni, akampisha kwa adabu, kama mtu anavyompisha mgeni. "Tangulia, Mwamuzi."

Akatangulia. Alitembea polepole sana, mgongo wake ukionekana vizuri, ili mumewe aliyekuwa nyuma asimpoteze.