Picha Mlangoni kwa Mzee Metodi

Kissa hakuwa mmbeya. Hakupenda tu kupitwa na jambo. Siku mzungu wa chumba cha jirani, pale mtaa wa Sanyuanli mjini Guangzhou, China, alipomsalimia kwa Kiswahili safi cha Kariakoo, alitua furushi lake la mashati ngazini akaanza kumhoji.

Hakutoka mikono mitupu. Mzee Metodi alikuwa Mbulgaria, mwandishi wa magazeti na mtunzi wa riwaya. Alizaliwa kwa wakulima wa tumbaku, na miaka ya sabini gazeti lake likamtuma Dar es Salaam kuandika habari za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Aliporudi kwao akatunga riwaya ya mkurugenzi wa kiwanda aliyekuwa mwizi. Kumbe mkubwa mmoja akajiona humo! Riwaya ikafungiwa, mzee akahamishiwa kusahihisha ratiba za treni, miaka tisa. Serikali ilipobadilika kitabu kikatoka, watu wakakipangia foleni. Halafu fedha ya nchi ikaporomoka, pensheni ikawa haitoshi hata mkate, na mwaka 1997 rafiki akamtafutia kazi Guangzhou: kuandika kwa Kirusi maelekezo ya birika za umeme.

"Mtu aliyetunga riwaya, leo anaandika 'usiguse maji ya moto'?" Kissa alimuuliza bila haya.

"Hicho ndicho kitabu changu kinachosomwa na wengi," mzee akajibu.

Ila akiulizwa habari za mkewe, alirudi kwenye birika. Kissa aliambulia jina, Rada, na kwamba ndiye aliyepiga chapa riwaya ile, nakala moja akaificha kwenye pipa la kabichi.

Asubuhi moja ya Machi 1998 Kissa akakuta mlango wa mzee umefungwa, na juu yake karatasi: picha ya mwanamke, mistari ya maandishi asiyoyajua, na tarehe. Huyu si mwingine, ni mkewe. Rada amepotea! Bila shaka amemfuata mumewe, akapotelea katika mji huu, na mzee ametoka kumtafuta.

Kissa hakungoja kuambiwa. Akaibandua, akatoa nakala arobaini, akairudisha mahali pake. Akabandika ngazini na kwenye maghala. Nyingine akazipeleka jengo la Tianxiu kwa Theophil, wakala wa mizigo, naye akawagawia wateja. Wauza vitambaa wa soko la Zhongda waliitazama picha wakatikisa kichwa, "Mei you, mei you," hakuna, wakidhani anataka kitambaa cha blauzi ya mwanamke wa pichani.

Siku ya tano, mchana, mzee akabisha hodi. Kumbe alikuwa Foshan, mji wa jirani, kwenye kiwanda cha birika. Mkononi alishika nakala tatu.

"Hatujampata, mzee wangu, lakini hatujakata tamaa," Kissa akawahi.

"Hamtampata, dada. Alikufa. Wiki hii ametimiza mwaka."

Kissa alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi minane jirani yake ana msiba, yeye anamhoji habari za vitabu, hata pole hajampa! Na sasa amemtangaza marehemu mji mzima kama mzigo uliopotea. Akaangua kilio, akiomba radhi.

Mzee hakukasirika. Kwao, alisema, karatasi ya marehemu hubandikwa mlangoni, kwenye miti na vituo vya basi, siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, ili kila apitaye amkumbuke.

"Hapa nani anamjua? Nikaona mlango wangu unatosha." Akavuta kiti. "Hebu niambie, watu walisemaje?"

Kissa akajifuta machozi, akamhadithia mmoja mmoja. Theophil alisema huyu ni mama asiyekubali kupunjwa. Benedicta wa kanisani alimtaja katika maombi ya Jumapili. Mama mwenye nyumba, Mchina, aliishika picha kwa muda mrefu, akasema ana uso wa mtu msomi. Mzee alichimba kama mwandishi wa habari: alisema hivyo hivyo? Alikuwa amesimama wapi?

"Na wewe je?"

"Mimi nilidhani yuko njiani anakuja, ila hajaujua mtaa."

Mzee akaitazama picha.

"Hata mimi," akasema.