Mjane wa Hewani
Mtangazaji wa asubuhi huchana masharubu kabla ya kuwasha maikrofoni, kana kwamba mji mzima wa Fresno unamwona. Yesenia, fundi mitambo wake, ameshachoka kumkumbusha kuwa hii ni redio. Redio za Kihispania zimejaa mjini, na hii yao mpya haina anayeipigia simu. "Ijumaa asipopiga mtu wa kweli, naifunga!" ameapa Don Baldomero, mwenye stesheni. Kwa sasa mtangazaji hujipigia mwenyewe. Hubana pua kwa vidole vyake vinene, na kuwa Doña Eduviges, mjane mwenye madaha, anayeomba wimbo na kusalimia mawifi, wakwe na mbwa wao. Kisha hujijibu kwa sauti nzito na kuangua kicheko kwa utani wake mwenyewe.

Ijumaa simu ikalia kweli. Don Baldomero akaganda nyuma ya kioo.

"Samahani, bwana," mwanamume akasema kwa haya. "Yule Doña Eduviges... ana mtu?"

"Mwambie ukweli, mzee!" Yesenia akanong'ona. "Utaua mtu kwa presha!"

Mtangazaji akamtazama bosi, akabana pua.

"Inategemea, baba. Una pikapu?"

Kabla hajajibiwa, taa zote za simu zikawaka. Wanaume wa Fresno walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na pikapu yake.