Msimamizi wa Chini ya Winchi

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, kama nina mke. Nikajibu sina. Mzee Kombo akatikisa kichwa polepole akasema, “Afadhali.” Kisha akanikabidhi chupa ya mafuta ya taa, tambara na kipande cha chaki.

Mzee Kombo alikuwa Mpemba, Fundi Mkuu wa Ukaguzi kwenye yadi ya kukodisha winchi hapa Tanga, upande wa kuendea bandarini. Nyinyi vijana mnaziita kreni. Siye tuliziita winchi, na zetu zilikuwa zile zinazofungwa juu ya lori: mkono mrefu wa chuma unaokunjwa na kurefushwa, ndoano mbele, na miguu ya kutandazwa pembeni ili lori lisipinduke likinyanyua mzigo. Miye nilitokea Makorora na darasa la saba langu, tena hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Nilidhani kukagua ni kulizunguka gari ukiwa umefunga mikono mgongoni.

Mzee Kombo alinifundisha kwamba chuma kinachoka kama mtu, ila hakisemi. Mahali kinapochoka kwanza ni shingoni, pale mkono wa winchi unapoungana na kiti chake. Hapo unafuta grisi yote. Unapaka mafuta ya taa, unayaacha yanywewe, unapangusa hadi pakauke, halafu unasugua unga wa chaki. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kina ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi nje taratibu na kuchora mstari juu ya chaki. Waya wa kunyanyulia unaupitishia tambara, si kiganja. Tambara likinasa, ujue kuna nyuzi zimekatika, na ungetumia kiganja ungelijua hilo kwa uchungu zaidi. Pini unazitikisa. Na kwa kuwa tuko pwani, unagonga mkono wote kwa nyundo ndogo kusikiliza kutu ya chumvi, maana chumvi hula kuanzia ndani. Winchi iliyoliwa na chumvi ukiigonga inakujibu kama mtu mwenye mafua.

Baada ya hayo yote ndipo lilikuja jambo ambalo leo limekatazwa, na ni sawa likatazwe. Pale kwetu, aliyeipasisha winchi ndiye aliyesimama chini ya mzigo wa kwanza. Mzigo ulinyanyuliwa juu kidogo ya kichwa chake, akasimama hapo mpaka mwenye mzigo aridhike. Mzee Kombo alikuwa akivua kofia yake ya kufuma na kumpa mtu amshikie.

“Mbona unaivua, mzee?” nilimuuliza.

“Kofia haikupasisha kitu,” alisema. “Isije ikafa bure.”

Hapo ndipo nilipoelewa swali la mke.

Desturi hiyo ilimfanya Mzee Kombo awe mkaguzi mkali kuliko wote pwani hii. Winchi nyingi alizirudisha kwa fundi wa kuchomelea. Tajiri wa yadi alikuwa akija amekunja uso. “Mzee Kombo, hivi winchi zangu zina ubaya gani?” Naye humjibu kwa upole wote, “Hazina ubaya, tajiri. Ni miye tu ninayependa kuishi.” Mwaka hadi mwaka tulinyanyua mashine za mkonge kule mashambani, tukanyanyua makontena na maboya, na hakuna aliyekatika hata kucha.

Macho yake yalipoanza kuona chaki yote ni mistari, alirudi kwao Pemba kwenye mikarafuu yake. Nafasi yake ikachukuliwa na Bwana Rajabu Singano, na cheo kikarefushwa: Meneja wa Ukaguzi na Usalama. Namtaja kwa jina lake lote kwa sababu yeye mwenyewe analipenda. Alivaa viatu vilivyochongoka mbele, vya kuingia navyo karamuni, na alivipangusa kila aliposhuka garini. Sisemi kwamba hakujua kazi. Alisoma na alijua. Ufa aliuona kama nilivyouona miye. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliuona akiwa mbali.

Desturi ya kusimama chini aliipenda mno, maana wateja walikuwa wakitoka kwingine kote kuja kwetu kwa ajili yake. Kilichomkera ni kipengele kimoja kidogo, kwamba alitakiwa kusimama yeye. Asubuhi moja akaniita ofisini.

“Sefu, kaa.” Nikakaa. “Hapana, hebu simama. Nimekutazama kwa muda, nimeamua kukupandisha cheo. Kuanzia leo wewe ni Msimamizi.”

Nilirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Wakati huo nilikuwa nimeshamwoa Zuhura, na Zuhura akapika pilau katikati ya wiki. Majirani walikula. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yote alikuwa akiniita “yule wa malori”, alinikaribisha kwenye sinia kwa kusema, “Pita, Bwana Msimamizi.” Usiku ule nililala chali, kama mtu mwenye madaraka.

Kulipokucha nikamuuliza Singano ninamsimamia nani.

“Humsimamii mtu. Mimi napasisha, nina majukumu mengi. Wewe unasimama chini ya mzigo kwa niaba yangu. Sasa mtu anayesimama anaitwaje kwa Kiswahili? Si msimamizi?”

La saba langu halikufika kwenye sarufi ya namna hiyo. Nyumbani sikumwambia mtu, kwa sababu pilau ilikuwa imeshaliwa.

Basi nikausimamia usimamizi wangu. Kule Moa, karibu na mpaka, tuliitwa kunyanyua injini ya lori lililotumbukia mtaroni. Nimesimama chini ya injini, mafuta machafu yananidondokea begani, akaja kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki yake.

“Kaka, umeiba nini?” akaniuliza kwa huruma.

“Sijaiba. Miye ndiye msimamizi.”

Akamgeukia abiria wake. “Wamempiga kichwani kwanza,” akamwambia, wakaondoka.

Haya yote niliyavumilia, maana winchi nilizikagua mwenyewe kwa mafuta na chaki kabla Singano hajazipasisha, nami nilijua ninasimama chini ya kitu gani. Mambo yaliharibika kwa ile winchi ya nne. Tuliiita Bibi Harusi, kwa kuwa kila ikitoka ilipakwa rangi upya. Aliyeipaka rangi ni Chande, mwendeshaji wake, mtu mpole ambaye hakuwahi kumkatalia bosi neno lolote, na kwa sababu hiyo namtaja naye. Wiki moja kabla ya kazi ya Ushongo, niliiweka Bibi Harusi chaki shingoni. Mstari ukajitokeza, mrefu kama kidole, umepinda. Nikamwita Singano. Akasimama mlangoni.

“Huo ni mkwaruzo,” akasema.

“Bwana Meneja, mkwaruzo hautoi mafuta.”

“Basi ni mkwaruzo wenye mafuta. Chande, paka rangi.”

Nikamwambia chini ya winchi ile sisimami, Zuhura ana mimba ya mtoto wa tatu. Akapangusa kiatu. “Sefu, mjini hapa watu wanaotaka usimamizi ni wengi. Nitafute mwingine?” Nikalitafakari hilo njia nzima ya kurudi Makorora. Nikisimama, huenda Zuhura akabaki na watoto bila baba. Nikikataa, atabaki na baba asiye na kazi. Kulipokucha nikapanda lori.

Kazi ya Ushongo ilikuwa kushusha jenereta kubwa kwenye nyumba ya wageni ya Bi Mwanaidi. Huyu bibi watu wa Pangani wanamjua, mdomo wake hauna breki. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kanga mabegani, na nusu ya kijiji ilikuwa imekuja kutazama. Singano akamwendea kwa heshima zote.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba. Nani kaipasisha hii?”

“Ni mimi mwenyewe. Tazama ilivyo safi.”

“Naona imepakwa wanja,” alisema Bi Mwanaidi. “Nasikia kwenu anayepasisha ndiye anayesimama chini.”

“Ni kweli kabisa, bi mkubwa, ila kazi hiyo ina msimamizi wake. Ndiye huyu, Sefu.”

Bi Mwanaidi akaniangalia kuanzia ndala hadi nywele. “Baba, wewe ndiye msimamizi?”

“Ndiyo, bi mkubwa.”

“Na huyu mwenye viatu je?”

“Huyo ni meneja.”

“Meneja ni mambo ya ofisini. Hapa ni kwangu, na hapa pana kazi ya kusimamiwa. Haya, msimamizi, simamia. Sema nani akae wapi.”

Neno lile nilikuwa nimelibeba siku zote kama gunia la mawe, na yule bibi akalitua chini likawa kiti. Nikakaa juu yake.

“Kwa cheo changu,” nikasema, kwa sauti ya kusikika na waliokuwa nyuma, “shingo ya winchi hii ina ufa chini ya rangi, na mzigo usinyanyuliwe. Anayesema hauna ufa, nafasi ya chini iko wazi.”

Singano akanisogelea, akaninong’oneza, “Sefu, utanitambua.”

“Nimeshakutambua, Bwana Meneja.”

“Ni mkwaruzo tu, bi mkubwa,” akasema akimgeukia. “Huyu hakusoma.”

“Wewe uliyesoma basi kasimame, mwanangu. Jua linapanda.”

Watu walicheka, na nadhani ndicho kilichomponza, maana kama si kicheko kile angerudisha lori Tanga na leo ningekuwa na miguu miwili mizima. Akavuta suruali juu kidogo, akamwambia Chande anyanyue. Jenereta likaacha ubao wa lori. Singano akaingia chini yake kwa mguu mmoja. Ule mwingine aliuacha nje, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. “Ingia wote, baba,” Bi Mwanaidi akamhimiza. “Ulipasisha nusu?”

Hapo shingo ikalia. Haikulia kwa kishindo. Ilitoa sauti ya mlango wa zamani, kisha rangi ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai, na mkono wa Bibi Harusi ukainama. Nikapiga kelele, “Toka!” Naye akatoka. Namsifu kwa hilo, sijaona mtu akitoka mahali upesi kama yule. Aliruka juu, akaruka mbele, na mbele palikuwa na miye.

Jenereta likaanguka pale pale alipokuwa ameweka mguu. Kiatu chake kimoja kilibaki chini yake, na kilipochimbuliwa kilikuwa bapa kama chapati. Yeye hakupata hata mkwaruzo, wala wenye mafuta wala usio na mafuta. Chande aliruka kutoka kwenye usukani akapotelea minazini, na mpaka leo anadai alikwenda kutafuta msaada.

Hospitalini daktari akautazama mguu wangu, mfupa wa paja umevunjika, akauliza niliangukiwa na nini.

“Na meneja,” nikajibu.

Akafikiri dawa zimeanza kunipanda kichwani. Akaandika kwamba niliangukiwa na kitu kizito. Sikubishana naye, maana Singano alikuwa ameshiba miaka yake yote.

Kwa hiyo muelewe vizuri, nyinyi mnaoanza kazi hii. Watu wa Makorora wakiniona nachechemea wanasimulia kwamba niliangukiwa na winchi. Si kweli, na naomba winchi isisingiziwe. Niliisimamia miaka mingi na haikunigusa. Aliyenivunja ni Rajabu Singano, akisaidiwa na brashi ya Chande.

Mguu uliunga vibaya, na mtu asiyeweza kusimama yadi haikuwa na haja naye. Nimestaafu kabla nywele hazijageuka. Sasa nakaa barazani kwangu, na wenye malori ya winchi wananiletea nizitazame, maana habari za Ushongo zilienea. Nakagua nikiwa kwenye kiti. Nawaelekeza pa kupaka mafuta, nawaambia wasugue chaki, nasubiri mstari. Zuhura aliposikia mwishoni maana halisi ya cheo changu alinuna kwa wiki nzima, halafu akasema wa tatu akiwa wa kiume hatamwita jina la bosi yeyote. Alizaliwa wa kike.

Mwezi uliopita lori lilisimama mlangoni, winchi mpya ya rangi, na aliyeshuka ni Singano. Ana biashara yake sasa. Viatu ni vile vile vya kuchongoka, pea nyingine.

“Shikamoo, Msimamizi,” akasema. Ananizidi umri, na miye nikaipokea.

“Marahaba. Una shida gani?”

“Wateja wanauliza kama wewe umeiona.”

Nikamwomba avue koti apake mafuta shingoni mwenyewe. Akapaka. Akapangusa, akasugua chaki, tukakaa tukingoja, na Zuhura naye akasimama dirishani. Mstari ukatokea, mfupi tu, chini ya pini.

“Mkwaruzo,” akasema. Naamini ulimi ulimtangulia.

“Sawa,” nikamwambia. “Dereva anyanyue hilo pipa la maji la Zuhura, nawe kasimame chini yake. Ukirudi nitaipasisha.”

Akautazama mstari. Akavitazama viatu vyake. Halafu akainua uso akaitazama shingo ya ile winchi kwa muda mrefu, jambo ambalo katika miaka yote ya kazi sikuwahi kumwona akilifanya. Akamwambia dereva ageuze, waende kwa fundi wa kuchomelea.

Kabla hajapanda, alivua kofia yake, nikamkumbuka Mzee Kombo, lakini yeye akaniaga nayo tu, akaivaa tena vizuri.