Mmexico Aliyetaka Jina la Mjukuu Wetu

Usiku ule nilikuwa Malaba, katika chumba cha kupanga, kama nilivyolala katika miji mingi tangu niache kwetu. Jioni Otieno, mwana wa marehemu ndugu yangu, alikuwa amenipigia simu. Mtoto wake mchanga halali, analia tu. Kwetu kilio hicho kina maana moja: kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake, nasi wakubwa hungoja aje ndotoni.

Lakini Otieno alishachagua. "Ataitwa Ramiro, baba mkubwa."

Ramiro, yule mfalme wa unga, dawa za kulevya, wa Mexico aliyekufa kwa risasi, ambaye vijana husimuliana habari zake kama za mtume.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia, nikakata simu.

Usingizi ukanichukua. Basi ndotoni niko nyumbani kwa mama. Sakafu ya udongo inapasuka, Ramiro anachomoza kutoka handakini. Kofia pana, viatu vya ngozi ya nyoka, havina hata vumbi. Anakalia kigoda cha mama bila kukaribishwa.

"Nimefuata jina langu," anasema, kwa lafudhi ya kwetu kabisa.

"Huna ukoo hapa. Toka!"

"Nilichimba nikatoroka jela. Nikawajengea maskini kanisa. Wananiimba hadi leo. Wewe mzururaji, nani atakuimba?"

Nyumba imekuwa uchochoro wa Mombasa. Ramiro bado amekaa. Nyuma yake amesimama ndugu yangu Okello, baba yake Otieno, amekonda vile vile tulivyomwokota hapo amekufa, sindano ingali mkononi. Hatujampa mtoto yeyote jina lake. Waliokufa vile huogopwa. Haombi kitu. Ananitazama tu.

"Unamjua huyu?" namuuliza Ramiro.

Anageuka, anamtazama kama anayetazama ukuta. "Mimi sikuuza huku."

"Wewe au mwenzako, unga ni unga. Muulize anaitwa nani."

Anacheka. "Wateja hawana majina."

Okello akafumbua kinywa. "Kaka," akasema, "mimi ninalo."

Nikaamka, shuka limelowa jasho. Nikampigia Otieno. Nilimsikia mtoto akilia.

"Amekuja, baba mkubwa?"

"Wamekuja wawili. Mmoja mshenzi, nimemfukuza. Mtoto ni Okello."

Nikamsikia akisema, si na mimi bali na mtoto, akilijaribu jina la baba yake:

"Okello... We Okello, nyamaza basi."