Mahindi ya Juu ya Mafiga

Juzi niliingia jikoni kwa watu huko Mashewa, nikapokewa na harufu ya mahindi yaliyokaa moshini, harufu kavu yenye masizi. Machozi yakanitoka. Mwenyeji wangu akadhani ni moshi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Jamani, nilikuwa na miaka tisa. Likizo ya Desemba nilipelekwa Kwamsisi kwa bibi mzaa mama, mimi mtoto wa Korogwe mjini, unga nimezoea kuuona dukani, najiona mjanja kuliko wote. Juu ya mafiga ya bibi yalining'inia mahindi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi tii. Ndani yalikuwa mekundu, punje ndogo ngumu. Kila asubuhi bibi aliyakagua kwanza, ndipo aitikie shikamoo yangu. Alinisimulia habari za mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, mbegu isiyoshindwa na jua la Handeni. Mimi nilidhani mbegu hiyo kaificha kwenye kopo mahali fulani.

Siku moja alikwenda kupalilia. Unga ulikuwa umebaki kiganja kimoja, nikasema leo namfurahisha. Nikapanda juu ya kinu, nikayashusha yote, nikapukuchua mpaka vidole vikachubuka, nikajitwika hadi mashineni.

"Mahindi gani haya yananuka moshi, we mtoto?" msagaji alicheka. Akasaga.

Bibi alinikuta mlangoni na beseni langu la unga, meno yote nje. Akatazama juu ya mafiga. Akakaa chini, jembe bado liko begani. Jirani, Mama Zaina, akapiga ukelele: "Mungu wangu, mbegu yote! Huyu achapwe!"

"Mwache," bibi alisema. "Alitaka kunipikia."

Akasonga ugali, akanimegea tonge la kwanza kwa mkono wake. Ulikuwa mtamu, siwadanganyi. Yeye hakula, alisema ameshiba.

Kijijini wenzake wote walikuwa wamehamia mbegu za pakiti, hakupata wa kumwomba. Za pakiti alizopanda ziliungua masika ile, na iliyofuata. Akafa akinunua unga. Tangu nipate akili naulizia mahindi yale, Mkumbara, Mashewa, kote. Juzi pale jikoni nilifunua ganda kwa kidole. Meupe.

Bibi hakuwa ameshiba. Alishindwa kumeza. Na mimi, nikitafuna mbele yake, nikamwambia aniongezee.