Birika la Bibi Lamit

Saa kumi na mbili asubuhi, Uchat amechuchumaa kando ya mto, chini ya nyumba ndefu ya Waiban, familia nyingi chini ya paa moja, huko Sarawak, Malaysia, akitazama povu. Likiwa jeupe, wageni watakwenda kwenye maporomoko. Likija la kahawia lenye majani mabichi, mvua imenyesha milimani na safari hakuna.

"Leo jeupe," anasema. Hatabasamu.

Kwa miaka mingi ndiye anayepanga safari hizi: nani atangulie na panga, kamba ifungwe mti gani, watu wapumzike wapi. Sasa goti limemgomea. Leo anamwachia kazi Senia, binti wa marehemu mdogo wake, Belayong.

Belayong alichukuliwa na mafuriko kwenye maporomoko hayo hayo, alipokwenda kukagua njia. Asubuhi ile mama yao, Bibi Lamit, alimkaribisha kahawa. Belayong alikuwa na haraka, akapita.

Hapa mtu hakipiti chakula au kinywaji alichokaribishwa. Asipokuwa na nafasi, hukigusa kwa kidole, basi. Asipogusa, msituni atapatwa na balaa.

"Hata mtoto anajua. Yeye alisahau tu," anasema Uchat. "Mimi nasema ni mvua. Lakini mama utamwambia nini?"

Tangu hapo Bibi Lamit hajamkaribisha msafiri yeyote. Wageni wakianza kufunga viatu, huzima moto na kuficha birika. Asiyekaribishwa hana cha kukataa. Majirani humwita mchoyo, naye huwaacha waseme. Inauma kumtazama.

Senia anateremka ngazi, kamba begani, wageni nyuma yake.

"Povu likibadilika?" Uchat anamuuliza.

"Narudi."

"Na wageni wakinuna?"

"Wanune wakitembea, baba mkubwa. Tangu jana unaniuliza hilo hilo."

Ndipo Bibi Lamit anapotokea mlangoni na kikombe. Kimejaa pomoni, kahawa inamwagikia vidoleni.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Kugusa kungetosha. Senia anatua mzigo, anaketi kwenye ngazi na kunywa taratibu mpaka mwisho. Wageni wanasubiri.

"Chungu, Bibi. Sukari iko wapi?"

"Nimesahau jinsi ya kuipikia wasafiri," anajibu.

Msafara unapoingia msituni, Bibi Lamit anateremka hadi kando ya mto na kikombe kitupu, macho kwenye povu. Uchat anamsogezea kigoda.

"Kesho kuna wageni wengine," anasema kwa sauti ya chini. "Natumaini nitalikuta birika mahali pake."