Siku Basi "Ilipaki" Kanisani

Nitawaambia hii stori, lakini mtu asiniangalie usoni nikiisema, kwa sababu mpaka leo nikipita sokoni Ndanai kuna mama wa kuuza nyanya ambaye akiniona tu anauliza, "Mama Cherotich, leo umepaki wapi?" na watu wanacheka mpaka wanashikilia meza, nami nacheka pia, kicheko cha uongo, halafu naenda kununua nyanya kwa mtu mwingine (na za huyo mwingine ni mbovu, lakini nifanye nini?).

Mjue kwanza habari ya basi yetu ya shule. Hiyo basi haijui saa. Leo inakuja watoto bado wanakunywa chai, kesho inakuja jua limeshakausha umande wote, keshokutwa haiji kabisa, na wewe mzazi umesimama barabarani na mtoto mwenye soksi nyeupe unaangalia ile kona tu. Ndio maana wazazi wa upande wetu tukafungua grupu kwa simu, na mimi wakanifanya msemaji, si kwa akili yangu, ni kwa sababu basi inalala kwa uwanja wa kanisa na uwanja wa kanisa umepakana na shamba langu. Walisema, "Wewe mama unaiona ikiamka, utakuwa unatuambia." Nikakubali. Nikajiona mkubwa hata.

Sasa hiyo siku ilikuwa ya mtihani wa gredi ya sita, ule wa taifa, na watoto wote wa mtihani wa upande wetu wanapanda hiyo basi moja, Cherotich wangu akiwa mmoja wao. Mwalimu mkuu alikuwa ametuonya kwa mkutano kwamba karatasi zikishafunguliwa, geti halifunguliwi hata mtoto alie damu. Msichana wangu alikuwa amesoma mwaka mzima, mpaka akilala anataja sehemu za ua.

Asubuhi mimi niko chini ya ng'ombe nakamua, nimevaa gumbuti, koti kuukuu ya mzee wangu, na ndani ni petikoti tu (nilipanga nikimaliza nioge, nivae kama mtu). Nikasikia Langat, dereva wa basi, akiniita kutoka upande wa pili wa ua: "Mama Cherotich! Hii kitu imekataa kuwaka! Imebaki hapa, ambia wazazi wajipange!"

Mtu mwenye akili angepangusa mikono, achukue simu, aandike. Mimi nikasema mikono ina maziwa, nani ana wakati? Nikaita Cherotich anishikie simu, nikaongea kutoka huko huko chini ya ng'ombe: "Wazazi, hamjambo? Basi imebaki hapa kanisani. Mjipange haraka na watoto, leo ni mtihani!" Akatuma hiyo sauti kwa grupu. Nikaendelea kukamua, roho safi, nikijua kila mzazi sasa anatafuta pikipiki ya kumpeleka mtoto wake shule.

Lakini jameni, sisi Wakipsigis b na p tumezilea kama mapacha, ukiita moja inakuja nyingine. Mimi nilisema imebaki. Simu ikabeba imepaki. Basi imepaki kanisani, mjipange haraka na watoto! Hata Wakipsigis wenzangu, ambao walipaswa kunielewa, walisikia imepaki, kwa sababu mtu husikia ile kitu anataka kusikia.

Muda si muda nikasikia kelele za watoto. Nikatoka na ndoo mkononi. Wueh! Watoto wa gredi ya sita wote wako pale, wamepiga mstari kando ya basi, mfupi mbele, mrefu nyuma, begi mgongoni. Wazazi waliwaleta, wakaona basi kweli imesimama pale, wakarudi zao. Mmoja ameshaenda kuchuma chai, mwingine ameshaingia njia ya Chepilat, ilikuwa siku ya soko. Pikipiki zote zimeteremka na watu wa soko. Na chini ya basi imetokeza miguu ya Langat.

Langat akatoa kichwa, uso wote grisi, akaona ule mstari. "Mama, si nilikuambia uwaambie wajipange?"

"Si wamejipanga," Cherotich akamjibu.

Mzazi mmoja tu ndiye alikuwa bado hajaondoka, Baba Moraa, Mkisii wa kuuza ndizi, mtu mpole sana. Nikamwambia, "Baba Moraa, mimi nilisema basi imebaki!" Yeye hakubishana. Alitoa simu, akaweka sauti juu, akanichezea maneno yangu mwenyewe. "Imepaki hapa kanisani," ikasema sauti yangu, na ng'ombe akiitikia kwa nyuma, mooo. Akarudia tena, labda hakuna aliyesikia vizuri. Watoto wakaanguka kicheko.

Mimi nilicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. Niliangalia zile kalamu mpya kwa mifuko ya shati, nikaona mtihani unawapita watoto wa watu kwa sababu ya mdomo wangu. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilitaka kulia pale pale na ndoo yangu.

"Ni betri tu," Langat akasema. "Tukiisukuma kwa huu mteremko itawaka."

Watoto wakaingia ndani. Wanaume waliokuwa wanapeleka maziwa wakaweka mitungi chini, Baba Moraa akakunja shati, mimi nikashika nyuma katikati, tukasukuma. Basi ikateleza, ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, na kwa ile nguvu ya mwisho vifungo vya koti vikaruka vyote isipokuwa kimoja, petikoti ya maua ikasalimia kanisa. Ikawaka! Langat akapunguza mwendo, akapiga kelele, "Mama, ingia! Ikizima njiani nani atasukuma?" Nikadandia mlangoni hivyo hivyo nilivyokuwa.

Cherotich aliniangalia kuanzia gumbuti mpaka juu. Akaniinamia sikioni. "Mama, tukifika usishuke. Tafadhali."

Iliniuma, lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikamwambia, "Sishuki," nikakaa chini sakafuni kati ya viti, harufu ya zizi ikanizunguka.

Tulipofika, geti lilikuwa linafungwa. Afande wa kulinda mtihani akainua mkono. "Mkubwa wa hii gari ni nani? Ashuke anieleze."

"Nikitoa mguu hapa inazima," Langat akasema, na basi nzima ikageuka kuniangalia mimi.

Nikashuka. Afande akaangalia gumbuti, akaangalia petikoti, akaamua kuangalia paa la basi. "Mama, mbona mmechelewa?"

Hapo nikaamua kuongea pole pole, nitafute ile b kwa nguvu zangu zote. Nikafunga midomo vizuri. "Afande, basi ili... ili... ilipaki."

"Ilipaki? Watoto wana mtihani na nyinyi mnapaki?"

"Ilibaki! Ilibaki!" watoto wakapiga kelele madirishani, na mwalimu mkuu nyuma ya geti akainamisha kichwa, mabega yakitetemeka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikaona Cherotich anashuka. Alikuja mpaka kando yangu, mbele ya shule nzima, akavuta koti yangu pande mbili, akaifunga na kile kifungo kimoja kilichobaki. Akamwambia afande, "Huyu ni mamangu. Basi ilikufa, yeye ndiye ameisukuma."

Afande akafungua geti. Walikimbia wote, na mtihani wakaufanya, kila mmoja.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa njia za ndani, nikijificha kila nikisikia pikipiki, nikilia kidogo na kucheka kidogo. Nimekoma. Habari ya hiyo basi sitoi tena kwa sauti, hata mikono iwe na nini. Naandika, na Cherotich anasoma kwanza kabla sijatuma. Na kukamua nakamua nikiwa nimevaa nguo ya kanisa, kitambaa kichwani na viatu vya kufunga, kwa sababu na basi kama ile mama hajui siku yake itamfikisha wapi.